Kinachoingia, Kinachotoka: Shajara ya Mwalimu wa Hesabu

Jumatatu, 13 Mei 2024. Thika.

Muhula wa pili umeanza leo. Ulipaswa kuanza 29 Aprili, lakini mvua na mafuriko yakausogeza mbele, na wiki mbili zimetupita. Katika chumba cha walimu kila mtu anazungumzia kukimbizana na silabasi. Mimi nimeamua kufanya kinyume: vipindi vya kwanza vya Kidato cha Tatu nitavitumia kwa jambo moja lililotawanyika katika sura nyingi za kitabu, nalo ni fankisheni. Imo kwenye logarithimu, kwenye sine na tanjenti, kwenye grafu za kipeo cha pili, kwenye uwiano wa moja kwa moja na uwiano kinyume. Wanafunzi huipita kila wiki bila kujua kwamba ni jamaa mmoja mwenye nguo tofauti.

Darasani niliuliza fankisheni ni nini. Jibu lilikuja kwa pamoja: ni fomula. Msichana mmoja akaja ubaoni, akaandika y = 2x + 3.

Nikawaambia wafungue kitabu cha majedwali, kile wanachoingia nacho kwenye chumba cha mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, watafute logarithimu ya 3.47. Wakaipata: 0.5403. Nikauliza kama kuna aliyepata jibu jingine. Hakuna. Nikauliza fomula iko wapi kwenye ukurasa huo. Wakatafuta, wakatazamana. Kuna safu za namba tu, na kila anayeingia na 3.47 hutoka na 0.5403, awe Thika au Turkana.

Hapo nikaandika ubaoni: fankisheni ni kanuni inayopokea kitu kutoka kundi moja na kukipa kitu kimoja, kimoja tu, katika kundi lingine. Inaweza kuandikwa kwa fomula, kwa jedwali, kwa mchoro au kwa maneno ya kawaida. Tukajaribu kwa maneno. Kila mwanafunzi na mama aliyemzaa: ni fankisheni, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa na mama wawili. Kila mama na mtoto aliyemzaa: si fankisheni, kwa kuwa mama mmoja anaweza kuwa na watoto watano, na ukimtaja mama hujui umtaje mtoto yupi. Uhusiano ni ule ule, watu ni wale wale, lakini upande unaoanzia umebadilisha kila kitu.


Jumatano, 15 Mei. Ruiru, usiku.

Nauli. Asubuhi nilipanda matatu Ruiru kwenda Thika kwa shilingi 70. Jioni, mvua ikinyesha na foleni ya abiria imejaa stagi, nilirudi kwa shilingi 100. Barabara ni ile ile, umbali ni ule ule.

Nitalipeleka hili darasani. Je, nauli ni fankisheni ya umbali? Tukijibu kwa uaminifu, si fankisheni. Umbali mmoja umetoa bei mbili, na kanuni yetu inakataa. Mwanafunzi mwenye haraka atasema basi Hesabu haifanyi kazi kwenye Barabara ya Thika. Mimi nataka waulize swali lingine: ni kitu gani tumesahau kukiingiza? Tukiingiza umbali na saa, bei zinaanza kutulia. Tukiingiza umbali, saa na hali ya mvua, zinatulia zaidi. Kondakta anapotaja bei mlangoni anayo fankisheni kichwani, yenye vigeu vitatu au vinne, na sisi tuliokuwa tukitazama kigeu kimoja ndio tulioona vurugu.

Nadhani hili ndilo somo kubwa kuliko yote nitakayofundisha muhula huu. Ukiona sababu moja ikizaa matokeo mawili tofauti, tafuta kigeu kilichofichika. Daktari anafanya hivyo anapoona dawa moja imemponya mgonjwa huyu na kumshinda yule. Mkulima anafanya hivyo mbegu moja inapotoa mazao tofauti katika mashamba mawili.


Jumamosi, 18 Mei. Ruiru.

Nilikuwa kwa mama mboga wa karibu na nyumbani. Alikuwa akimlipa mtu anayemletea viazi, shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Alituma 1,000, kisha 1,000, kisha 1,000.

"Mama, mbona hutumi zote mara moja?" nikamuuliza.

"Mwalimu, nikituma mara moja wananikata hamsini na tatu. Hivi wananikata thelathini na tisa. Hizo kumi na nne ni za dania."

Nimerudi nyumbani nikaandika ada za kutuma pesa kwa mtu mwingine. Hadi shilingi 100 ni bure. Kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 7. Hadi 1,000 ni 13. Hadi 1,500 ni 23. Hadi 2,500 ni 33. Hadi 3,500 ni 53. Hadi 5,000 ni 57. Hadi 7,500 ni 78. Inaendelea kupanda hivyo, na kuanzia 20,001 hadi 250,000 ada ni 108, haiongezeki tena.

Hii ni fankisheni kamili: taja kiasi, kuna ada moja tu. Lakini haina fomula moja ya kuandika kwenye mstari. Grafu yake ni ngazi. Inalala sawasawa, halafu inaruka, halafu inalala tena. Ukituma 1,500 unalipa 23, ukituma 1,501 unalipa 33. Shilingi moja ya ziada imekugharimu kumi.

Nimekaa na ngazi hii hadi chakula kikapoa. Watu wengi hudhani kwamba kutuma kwa mkupuo mmoja ni nafuu siku zote. Mama mboga anajua kwamba si hivyo, na hesabu inamuunga mkono:

3,000 kwa mkupuo: 53. Mara tatu za 1,000: 39.
4,000 kwa mkupuo: 57. Mara nne za 1,000: 52.
5,000 kwa mkupuo: 57. Mara tano za 1,000: 65.
6,000 kwa mkupuo: 78. Moja ya 5,000 na moja ya 1,000: 70.

Kwa hiyo kugawa kwa elfu moja moja kunasaidia kwenye 3,000 na 4,000, kunadhuru kwenye 5,000, kisha kunasaidia tena kwenye 6,000 ukigawa kwa njia nyingine. Hakuna methali itakayokuongoza hapa. Lazima utazame vidato vinaruka wapi na vinaruka kwa kiasi gani. Kutoka 2,500 kwenda 2,501 mruko ni wa shilingi 20. Kutoka 3,500 kwenda 3,501 ni wa shilingi 4 tu. Siri yote ya mama mboga iko katika tofauti hiyo.

Jambo lingine linanisumbua. Anayetuma 101 analipa karibu asilimia 7 ya pesa zake. Anayetuma 250,000 analipa chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya asilimia moja. Fankisheni ya ada inapanda, lakini kuanzia 101, fankisheni ya ada kwa kila shilingi kwa jumla inashuka. Nataka wanafunzi wangu wachore zote mbili kwenye karatasi moja, kisha waamue wenyewe ni ipi inayoeleza maisha ya mtu mwenye kipato kidogo.


Jumapili, 19 Mei.

Nyongeza ya jana. Kila mtu hapa anajua maneno "tuma na ya kutoa". Mtoto anapomtumia mzazi kijijini, anaongeza ada ya wakala ili mzazi apokee pesa kamili mkononi. Hizo ni fankisheni mbili zilizounganishwa: tokeo la moja ni kiingizo cha nyingine.

Tuseme nataka mama ashike 2,500 taslimu. Ada ya kutoa 2,500 ni 29, kwa hiyo natuma 2,529. Lakini 2,529 imevuka mpaka wa 2,500, na ada ya kutuma imeruka kutoka 33 hadi 53. Zile 29 za heshima zimenigharimu 20 nyingine. Nikituma 2,500 peke yake, kisha 29 peke yake, naokoa 20, maana 29 iko katika kiwango cha bure. Mama anapokea vilevile.

Kitabu huandika f(g(x)) na wanafunzi huona mabano tu. Kesho wataona mzazi kijijini. Nitawapa zoezi: tafuteni viwango vingine ambavyo "ya kutoa" inamvusha mtumaji mpaka. Wao wana simu na wana wazazi, data ipo.


Alhamisi, 23 Mei. Ruiru.

Leo uwiano kinyume, na nimeutoa jirani kabisa. Hapa Ruiru ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa kahawa, na hapa ndipo ilipopatikana Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Ruiru 11 ni mti mfupi na wa kubanana, kwa hiyo unaweza kupandwa karibu karibu. Aina za zamani kama SL28 zilipewa nafasi ya mita 2.74 kila upande, ambayo ni futi 9. Ruiru 11 huweza kupewa mita 2.

Niliwauliza: mkipunguza nafasi kutoka 2.74 hadi 2, miche itaongezeka kwa kiasi gani kwenye hekta? Wengi walikisia robo, kwa kuwa nafasi imepungua kwa karibu robo. Tukaandika pamoja. Hekta ni mita mraba 10,000, na kila mche unamiliki mraba wenye upande d, kwa hiyo idadi ni 10,000 gawanya kwa d mara d. Kwa 2.74 tunapata takriban 1,330. Kwa 2 tunapata 2,500. Karibu mara mbili.

Kijana mmoja ambaye babu yake ana kahawa Gatundu akasema, "Mwalimu, basi tukipanda kwa nusu mita tutakuwa matajiri." Tukaweka 0.5. Fomula ikatoa 40,000 bila kusita. Tukaweka sentimita 10. Ikatoa milioni moja.

Nilifurahi mno kwa swali lake, kwa sababu lilitufikisha pale nilipotaka. Fomula itajibu chochote utakachoiuliza. Haijui kivuli, haijui mizizi inayogombea maji, haijui mtu anayepita na kikapu akivuna. Kila fankisheni ina uwanja wake, yaani vitu inavyoruhusiwa kupokea, na uwanja huo hautoki kwenye fomula. Unatoka shambani. Yule kijana alipewa kazi ya kumuuliza babu yake anapanda kwa nafasi gani na kwa nini. Jibu la babu ndilo litakaloandikwa kando ya fomula kwenye daftari la darasa zima.

Nikawaongezea swali bila jibu: kama idadi ya miche inapanda kila unapopunguza nafasi, lakini mavuno ya kila mche yanashuka kwa kubanana, mavuno ya hekta nzima yana umbo gani? Wawili walichora mlima. Hawajajifunza kutafuta kilele kwa kalkulasi, hilo ni la Kidato cha Nne, lakini wameshajua kwamba kilele kipo na kwamba kinafaa kutafutwa.


Jumatano, 29 Mei. Thika.

Nimezungumza na rafiki aliyewahi kufundisha wanafunzi wasioona. Mji huu una historia ndefu katika jambo hilo: shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Nilimuuliza unafundishaje grafu. Akasema unachukua ubao laini, pini na uzi. Pini moja kwa kila nukta ya jedwali, uzi unapita kwenye pini, mwanafunzi anasoma kwa vidole.

"Wanaelewa mteremko mapema kuliko wale wanaoona," akasema, "kwa sababu vidole vinapanda kweli."

Nimefikiria maneno yake tangu hapo. Sisi huwaonyesha wanafunzi mstari mzima kwa mpigo, nao wanaukariri kama picha: hii inafanana na kikombe, ile inafanana na mlima. Anayesoma kwa vidole hana njia ila kufuata kiingizo kimoja kimoja na kuuliza sasa tokeo limepanda au limeshuka. Anasoma fankisheni yenyewe.

Mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye ndiye aliyeanza kuandika f na mabano katika miaka ya 1730, alipoteza uwezo wa jicho moja katika muongo huo huo, na kuanzia mwaka 1766 alikuwa karibu haoni kabisa. Aliendelea kufanya Hesabu akiwaandikisha wengine hadi alipofariki mwaka 1783. Kitabu chake cha 1748 kilieleza fankisheni kuwa usemi unaoandikwa kwa kigeu na namba, yaani kwa lugha ya darasa langu, fomula. Ilichukua karibu karne nyingine kabla ya mwanahisabati mwingine, Dirichlet, kueleza, mwaka 1837, kwamba inatosha kila kiingizo kiwe na tokeo moja, hata kama hakuna fomula moja inayolifikia. Nitawaambia kesho kwamba jibu lao la siku ya kwanza lilikuwa jibu la Euler, na kwamba safari waliyoifanya kutoka hapo hadi kwenye ngazi ya M-Pesa ndiyo iliyofanywa na wanahisabati wa Ulaya kwa miaka tisini.


Ijumaa, 7 Juni. Thika.

Mwenzangu amepewa nyongeza ndogo ya mshahara, naye ana wasiwasi. Amesikia kwamba ukivuka kiwango cha kodi, mshahara wote unakatwa kwa kiwango kipya, na unaweza kurudi nyumbani na pesa chache kuliko mwezi uliopita. Watu wengi wanaamini hivyo. Wanadhani kodi ya mapato ni ngazi kama ada ya kutuma pesa.

Tulikaa mezani na hati yake ya mshahara. Viwango vya mwaka huu wa 2024 ni asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, asilimia 30 kutoka hapo hadi 500,000, asilimia 32.5 hadi 800,000, na asilimia 35 juu ya hapo. Kisha kila mtu anapunguziwa 2,400. Neno la kushika ni "zinazofuata". Kila kiwango kinagusa kipande chake peke yake.

Mwenye mapato yanayotozwa kodi ya 24,000 anadaiwa 2,400, anapunguziwa 2,400, analipa sifuri. Mwenye 32,333 anadaiwa 2,400 na 2,083.25, baada ya punguzo analipa 2,083.25. Mwenye 33,333 amevuka mpaka kwa shilingi 1,000, na zile 1,000 peke yake ndizo zinazotozwa asilimia 30. Kodi yake imeongezeka kwa 300, mkononi amebaki na 700 zaidi ya mwenzake.

Nilimchorea zote mbili. Ada ya kutuma pesa inaruka: unainua kalamu kutoka karatasini ili kuendelea kuichora. Kodi inapinda: mteremko unabadilika penye mpaka, lakini kalamu haiinuki. Penye mruko, shilingi moja inaweza kukuumiza. Penye pindo, haiwezi. Makato mengine ya mshahara yana kanuni zake na yanafaa kuchorwa moja moja vivyo hivyo, lakini hofu ya kodi kumeza nyongeza yote haina msingi.

Alinyamaza akitazama mchoro, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi safi ampelekee mume wake.

Nataka kila mhitimu wa shule yetu aweze kuchora mchoro huu kabla ya kupokea mshahara wake wa kwanza.


Ijumaa, 14 Juni. Ruiru.

Leo tumefunga mada kwa swali la kurudi nyuma: ukijua kilichotoka, unaweza kujua kilichoingia?

Nikasema mtu amekatwa shilingi 13 kwa kutuma. Ametuma ngapi? Wakajibu haraka: haiwezekani kujua, inaweza kuwa 501, inaweza kuwa 1,000. Ngazi hairudishiki, kwa kuwa viingizo vingi vinagawana tokeo moja. Msichana yule wa y = 2x + 3 akasema, "Ni kama mama na watoto." Alikuwa sahihi kabisa, na darasa lote lilielewa bila mimi kuongeza neno.

Nikasema mtu analipa kodi ya mapato 5,000 kwa mwezi. Mapato yake yanayotozwa ni kiasi gani? Hapa walifanya kazi. Wakaondoa 2,083.25 za vipande viwili vya chini, zikabaki 2,916.75. Hizo ni asilimia 30 ya kipande cha juu, kwa hiyo kipande ni 9,722.50. Wakajumlisha na 32,333, wakapata 42,055.50. Jibu moja, bila ubishi. Kisha nikauliza: na anayelipa sifuri? Kimya kidogo, halafu mkono ukainuka nyuma: "Huyo hatumjui. Anaweza kuwa na ishirini elfu, anaweza kuwa hana kitu." Kwa hiyo kodi inarudishika juu ya 24,000 na hairudishiki chini yake. Wamegundua wenyewe kwamba fankisheni moja inaweza kuwa na tabia mbili kulingana na sehemu ya uwanja wake unayosimama.

Tumetumia vipindi ambavyo ratiba haikuvitenga, na wiki ijayo tutakwenda mbio kwenye logarithimu na grafu za kipeo cha pili. Sijutii. Tayari naona tofauti: leo walipofika kwenye kipeuo cha pili, kabla sijasema neno, mmoja aliuliza kama namba hasi inaruhusiwa kuingia. Hilo ndilo swali la nusu mita ya kahawa, likiwa sasa limevaa alama za kitabu.

Nimeandika maswali manne kwenye karatasi kubwa nitakayobandika ukutani Jumatatu, na kila mada mpya hadi KCSE tutaipitisha hapo. Ni nini kinaruhusiwa kuingia? Je, kila kinachoingia kinatoa jibu moja tu, na kama sivyo, ni kigeu gani tumekisahau? Inaruka wapi na inapinda wapi? Tunaweza kurudi nyuma?

Wengi wa wanafunzi hawa hawatasoma Hesabu chuoni. Wote watalipa ada, kodi na nauli, watasaini mikopo, watasoma bei za mbolea na vipimo vya dawa. Kanuni hizo ziliandikwa na watu, na zinaweza kuhojiwa na watu. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba wanaotoka darasani kwangu wanaweza kuzisoma, kuzichora, na kusimama mbele ya aliyeziandika wakamwonyesha kidato kinachomwumiza mtu wa shilingi 101.